Bomba Lililozibwa kwa Saruji

Kama ulitaka kujua nani anashonewa nini mtaani kwetu, hukuhitaji kumsumbua fundi cherehani. Ulishuka kijitoni ukatazama maji. Yakipita mekundu, ujue kuna kwaya imepata sare mpya. Yakipita ya bluu, shule zinakaribia kufunguliwa. Yakipita meusi, kuna hoteli inawabadilishia wahudumu wake suruali. Watoto walikuwa wakishindana kubahatisha rangi ya kesho, na sisi watu wazima tulicheka, kana kwamba kijito kiliwekwa pale kwa ajili ya kutuburudisha.

Maji hayo yote yalitoka uani kwa mama mdogo wangu, mtia rangi vitambaa. Mtaa mzima ulimwita Mama Rangi, na mikono yake ilikuwa ushahidi tosha: kucha za zambarau, viganja vya kahawia, na karibu na viwiko mstari ulioonyesha maji ya sufuria huishia wapi. Nilifanya kazi kwake miaka minane. Kazi yangu ilikuwa kukoroga. Ukikoroga kitambaa kwenye maji ya moto tangu asubuhi hadi saa kumi, unapata mabega ya mpagazi na subira ya mtakatifu, ingawa mimi nilipata mabega tu.

Ua wenyewe haukuwa mkubwa. Sufuria tatu, kila moja ingetosha kumwogesha ndama, zilikaa juu ya majiko ya gesi. Nyuma yake palikuwa na mapipa ya kusuuzia, kamba za kuanikia, na rafu ya unga wa rangi, chumvi na magadi. Chumvi ndiyo inayoisukuma rangi iingie kwenye pamba, na magadi ndiyo yanayoifanya ishike. Chini ya ukuta wa nyuma lilipita bomba, nene kama paja la mtu mzima, lililotoa nje kila tulichomaliza nacho. Kitambaa kikishaiva, tunainamisha sufuria, maji yanakwenda. Hatukuulizana yanakwenda wapi, kwa sababu tulijua. Yalikwenda kwa mama yangu.

Mama ni dada mkubwa wa Mama Rangi. Bustani yake iko hatua mia mbili hivi chini ya ule ukuta, kando ya kijito hichohicho: mchicha, spinachi, biringanya, na nyanya zilizofungwa kwenye vijiti kwa matambara tuliyompa sisi. Aliianza mwaka aliofariki baba. Alisema hawezi kukaa ndani akitazamana na ukuta mpaka mmoja wao achoke. Ardhi ilikuwa ya kukodi, lakini ungemsikia anavyoisema ungedhani aliizaa. Kwa hiyo mimi nilikaa katikati. Asubuhi nilikula kwa mama, mchana nikatia rangi maji ya mama.

Siku moja Mama aliingia uani kwa Mama mdogo bila kubisha hodi, na yeye si mtu wa kuacha hodi. Alikuwa amebeba beseni. Ndani yake mlikuwa na miche ya mchicha, majani yameungua pembeni kama karatasi iliyonusurika na moto, na udongo umefanya utando mweupe wenye ubluu kwa mbali.

"Mdogo wangu, njoo uone," alisema.

Mama mdogo alifuta mikono kwenye aproni, akatazama, akasema maneno ambayo mtu yeyote mwenye kosa huyasema kwanza. "Dada, mimi niko hapa miaka ishirini. Mchicha wako umeota miaka yote hiyo."

"Miaka ishirini iliyopita ulikuwa na sufuria moja."

Mimi niliendelea kukoroga kitambaa ambacho kilikuwa kimeshaiva, nikijitia hamnazo.

"Tuko msimu wa tatu sasa," Mama aliendelea. "Nimebakiza mbegu za kupanda mara moja. Hizi zikifa, naikabidhi ardhi kwa mwenyewe na jembe namgawia anayelitaka. Sikuja kugombana. Nimekuja kukuambia usije ukasema hukujua."

Aliliacha beseni katikati ya ua akaondoka. Mama mdogo alilizunguka mchana kutwa kama mtu anayezunguka mgeni asiyependa kumwangalia usoni. Jioni aliniambia, "Wewe, sikiliza. Dada yangu haachi bustani kwa ajili yangu. Hilo halitatokea."

Huyu mama mdogo wangu akishasema kitu, haambiliki wala hasemezeki. Kesho yake alikwenda dukani akarudi na madumu manne ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Tangu siku hiyo kila sufuria ilipomalizika, kabla ya kuinamishwa, tulimimina dawa ndani. Ilikuwa ajabu kutazama. Nyekundu inapauka, inakuwa ya waridi, inakuwa kama chai ya maziwa, halafu hakuna kitu. Maji yalitoka bombani meupe kabisa. Kijito kilipita mtaani kikiwa safi kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa mtoto, na watu walisimama ukingoni wakitazama mawe ya chini ambayo walikuwa wamesahau kwamba yapo. Fundi cherehani alikuja mwenyewe kumpa mkono Mama mdogo. Mimi nilipiga makofi. Hata Mama aliridhika, akapanda nusu ya mbegu zake.

Baada ya siku tisa hapakuwa na mche hata mmoja uliosimama. Na vyura, ambao hata enzi za maji meusi walikuwa wakitupigia kelele, walinyamaza.

Sisi watia rangi tuna ugonjwa mmoja: tunaamini macho. Kitambaa kikipendeza tumemaliza, kikichujuka tumekosea. Kwa hiyo tulipoambiwa maji yetu ni mabaya, tulidhani ubaya ni rangi. Tuliitoa rangi, tukaongeza sumu, tukapeana mikono. Mkulima asingefanya kosa hilo. Mkulima angeuliza mmea kwanza. Mpaka leo nikikumbuka yale makofi yangu nasikia aibu.

Safari hii Mama hakuja. Alinituma mimi. "Mwambie mama yako mdogo nimebakiza nusu." Alipokuwa akiniambia alikuwa anang'oa miche iliyokufa mmoja mmoja, akiitikisa udongo kama alivyozoea, ingawa hakukuwa na haja ya kuokoa chochote.

Nilifikisha ujumbe. Mama mdogo alikuwa amekaa juu ya dumu, na nilitegemea atakasirika, kwa sababu hasira ndiyo inayomkaa vizuri. Hakukasirika. Alilia, kidogo tu, akafuta machozi kwa kiganja akajiachia mstari wa kijani shavuni. Kisha akaniuliza kama kwenye stoo kuna saruji.

"Ya nini, Mama mdogo?"

"Lete."

Tulikoroga saruji na mchanga kwenye beseni lilelile aliloliacha Mama. Akapiga magoti kwenye ukuta wa nyuma, akajaza mdomo wa bomba kwa mikono yake, akashindilia kwa mpini wa nyundo, akasawazisha kwa kijiko cha kulia. Alipomaliza alikaa chini akasema, "Haya. Sasa tutaona kama nina akili."

"Na maji yataenda wapi?"

"Hayaendi. Tunakaa nayo."

Wiki iliyofuata sitaisahau. Jumatatu tulijaza mapipa. Jumanne tulijaza ndoo, madumu, na beseni za kufulia. Jumatano Mama mdogo alitoa nje bafu la watoto ambalo alimwogeshea binti yake aliyeolewa zamani, nalo likajaa. Kufika Alhamisi ukitaka kuvuka ua ilikubidi upite kwa ubavu, na usiku ule alilala na sufuria za jikoni zimejaa maji ya njano sebuleni. Ijumaa nilikanyaga ndoo nikaanguka ndani ya bafu, nikatoka wa zambarau hadi kiunoni. Mama mdogo alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka, akalitazama bafu, akasema polepole, "Hii rangi bado ina nguvu."

Alinitazama mimi niliyelowa, akatazama lile bafu tena. Miaka yote tulikuwa tunamwaga maji ambayo bado yana rangi, bado yana chumvi, bado yana magadi, halafu tunafungua makopo mapya na kuanza upya. Tulikuwa tunamlisha Mama vitu tulivyovinunua.

Kuanzia hapo kazi ilibadilika. Mama mdogo alikata shauri kwamba sufuria haimwagwi. Tulianza na rangi nyepesi kwenda nzito, katika maji yaleyale. Jumatatu njano. Jumanne tunaongeza kidogo, inakuwa ya machungwa. Jumatano nyekundu, Alhamisi kahawia, Ijumaa nyeusi, kwa kuwa nyeusi haichagui ilipotoka. Wiki ya pili ilikuwa ya bluu, vilevile kutoka mbinguni hadi gizani. Maji ya nyeusi yalipochoka kabisa, tuliyapandisha juu ya paa la stoo kwenye masinia bapa ya saruji aliyoyafinyanga mwenyewe, jua likayanywa, na chini ikabaki chumvi chafu ya kijivu. Tuliikwangua kwa mwiko tukairudisha kwenye sufuria ya nyeusi. Chumvi haijali sura yake, na nyeusi pia haijali.

Wateja ndio waliojali. Hoteli ilitaka kijani ndani ya siku mbili, ikaambiwa isubiri zamu, ikaondoka na haikurudi. Ile ilituuma, maana ndiyo hoteli iliyotupa nusu ya kazi yetu. Mama mdogo alilitazama gari lao likikata kona, akaniambia niongeze gesi.

Halafu akaja mwalimu mkuu, mtu mzima mwenye miwani na daftari kwapani.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Mama mdogo.

"Marahaba, Mama Rangi. Nina watoto wa michezo. Jumatatu wanakimbia. Nataka bluu ya giza."

"Wiki hii ni ya nyekundu, mwalimu."

"Nyekundu imefanya nini?"

"Iko kwenye sufuria. Bluu inaanza Jumatatu, na bluu ya giza inafika Alhamisi."

"Alhamisi watakuwa wameshakimbia."

"Basi kuna mwenzangu ng'ambo ya soko, nitakuelekeza. Yeye anamwaga kila saa."

Mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta, akatazama mapipa, masinia juu ya paa, na mimi niliyekuwa bado na kiuno cha zambarau. Nadhani aliyesimama mbele yake alimkumbusha mwanafunzi fulani asiyekubali kushindwa. "Na damu ya mzee mnayo?" aliuliza.

"Kesho kutwa."

Mwaka ule watoto wa shule yetu walikimbia na damu ya mzee, na hadi leo hawajarudi kwenye bluu.

Lakini kitambaa kikishatiwa rangi lazima kisuuzwe, na kusuuza kunakula maji kuliko kitu kingine chochote. Hayo hayakuwa na rangi ya kutosha kurudi kwenye sufuria yote, wala paa halikutosha kuyakausha. Mama mdogo alipanga mapipa matatu, moja juu ya jingine kama ngazi, ndani yake changarawe, mchanga na mkaa uliopondwa. Maji yaliingia juu yana uwaridi kwa mbali, yakatoka chini hayana kitu. Mimi nikasema, "Safi." Akanigeukia kwa jicho ambalo lingetosha kuchemsha sufuria.

"Tulishasema safi mara moja," alisema. "Safari hii hasemi mtu. Unasema mmea."

Alichukua sururu akavunja sakafu ya saruji mbele ya mlango wa jikoni, ukanda wa urefu wa mtu aliyelala. Akabeba udongo kwa toroli, akapanda mchicha, akaumwagilia kwa maji yale. Mstari wa kwanza ulikufa ndani ya wiki. Aliung'oa, akapanda wa pili. Wa pili ukawa na manjano, ukasinyaa. Aliinama akachukua udongo akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Chumvi," alisema. "Mkaa unakamata rangi, haukamati chumvi. Maji ya kusuuza mara ya kwanza yarudi kwenye sufuria. Ya pili na ya tatu tu ndiyo yapite mapipani."

"Mama mdogo, kuna watu wanaishi maisha yao bila kula udongo."

"Na dada zao wanaacha bustani. Panda."

Mstari wa tatu tulipanda kwenye udongo mpya. Uliota. Nilingoja usinyae, kwa sababu nilishazoea. Haukusinyaa. Majani yalifunguka, mapana, kijani ambacho hakikutoka kwenye kopo. Mama mdogo hakunituma kwa Mama. Nilimuuliza mbona anangoja, akasema kuota si kuliwa. Akaanza kula. Kila mchana alichuma fungu moja, akalipika kwa kitunguu, akakaa kwenye kizingiti akala lote. Hakunipa hata jani. Alisema kama kuna wa kuumwa, ni mwenye bomba.

Alikula mwezi mzima. Mimi kila asubuhi nilikuwa nikifika roho juu, namwita kutoka getini kabla sijaingia, na akichelewa kuitikia naingia mbio. Mama yangu, ambaye miezi yote hiyo hakukanyaga ule ua, alikuwa ananiuliza kwa kuzungukazunguka. "Huko kazini wote wazima?" Nikimjibu wazima, anasema, "Sikuulizia mtu fulani."

Nusu ya mbegu ilikuwa bado kwenye kopo juu ya kabati lake. Alikuwa akisubiri mvua ndipo apande. Mvua ilichelewa. Mwishowe hakuvumilia, akapanda, akichota kijitoni kwa kopo. Halafu mvua ikaendelea kuchelewa. Kijito kilipungua kikawa uzi, uzi ukawa madimbwi, na siku moja nilimkuta Mama amesimama ukingoni na ndoo mbili kavu, akitazama tope. Miche yake ilikuwa na urefu wa kidole. Mbegu za mwisho.

Hakuniambia anakwenda wapi. Alipandisha njia ile hatua mia mbili akaingia uani, na safari hii alibisha hodi.

Mama mdogo alikuwa kizingitini na sahani yake. Alisimama haraka mpaka kijiko kikaanguka. Mama alitazama mapipa yaliyopangwa ngazi, masinia ya paa, na bomba lililozibwa. Aliitazama sana ile saruji, na alama za vidole vya mdogo wake zilizokauka ndani yake. Halafu akatazama mchicha.

"Hayo maji yanayotoka pipa la chini," alisema, "unayafanyia nini?"

"Namwagilia huu."

"Yote?"

"Mengine yanabaki."

Mama aliweka ndoo zake chini. "Nipe."

Nilidhani Mama mdogo ataruka kwa furaha. Alirudi nyuma hatua moja, uso umemshuka. "Dada, hapana. Hizo ni mbegu zako za mwisho. Ngoja mvua. Mimi sijala vya kutosha bado. Kuna kitu huenda sijakiona, kama mara ile sikukiona. Nikikuulia bustani mara ya pili nitaishi vipi?"

"Kesho kutwa imekufa kwa kiu."

"Itakuwa imekufa kwa kiu, si kwa mkono wangu."

Mama aliinama, akachukua sahani pale kizingitini, akaokota kijiko kilichoanguka, akakifuta kwenye kanga yake. Akala. Alikula akiwa amesimama, bila haraka, kama mtu anayeonja mboga sokoni na hataki kuonyesha kwamba ameshaamua kununua. Mama mdogo alinyoosha mkono kumzuia, Mama akausogeza mkono ule kwa kiwiko, akaendelea. Sahani ilipoisha aliirudisha.

"Chumvi imezidi," alisema.

Mama mdogo alipauka. "Ya kwenye udongo?"

"Ya kupikia. Hujawahi kujua kupika tangu utotoni."

Akasogeza ndoo kwa mguu mpaka chini ya pipa la mwisho. Mama mdogo hakusogea. Mikono yake ya rangi zote ilikuwa imening'inia, na mimi nilitaka kwenda kufungua koki ya pipa mwenyewe lakini Mama alinikataza kwa macho.

"Fungua wewe," Mama alimwambia mdogo wake. "Sitaki ya kumwagiwa na mtu mwingine."